Muriithi Alipoacha Kusema

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu umelala juu ya Nanyuki hata mlima hauonekani, babu yako Muriithi aliponiomba nimfungie kamba za viatu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, akiitazama miguu yake kama mtu anayetazama mto uliofurika asijue atauvuka vipi. Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, maana mume wangu alikuwa mtu wa mizaha. Kisha nikaona jasho limemtoka kwenye paji la uso, katika baridi ile, nikapiga magoti nikamfungia.

Mwanangu, najua wewe ni mjukuu wangu, lakini mtu akizeeka wajukuu wote huwa watoto wake. Jana nyumba hii ilijaa watu kwa sababu umeitwa kwenda kusomea udaktari. Walikula, wakaimba, mjomba wako akasimama kuhutubia akashindwa kumaliza kwa machozi ya furaha. Wewe ukanijia ukaniuliza, "Shosho, mbona wewe huchangamki?" Nikakuambia ni macho yananisumbua. Hayakuwa macho. Vuta kiti hicho, ukae karibu, maana sauti yangu siku hizi haiendi mbali.

Babu yako hukumjua. Mama yako mwenyewe alimjua akiwa ameshakuwa mtu mwingine. Niliolewa naye miaka michache baada ya Uhuru. Mimi nilitoka upande wa Kerugoya, yeye vilima vya Nyeri, na tulikutana kwenye mkutano wa kwaya za kanisa, yeye akiimba sauti ya chini mpaka madirisha yakatetemeka. Alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha kupasua mbao pembeni mwa msitu, juu ya Nanyuki. Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi, nyumba za mabanzi yaliyopasuliwa kando ya magogo, ambamo ukipiga chafya jirani anakuambia pole.

Na alikuwa na maneno! Akirudi kazini alinisimulia siku nzima upya: jinsi nyapara alivyokohoa kabla ya kugomba, jinsi gogo la mwerezi lilivyokataa kupanda kwenye mashine kama ng'ombe anayekataa josho. Aliiga sauti za watu wote. Githeri ya mahindi na maharagwe ilikauka jikoni mimi nikishika mbavu kwa kicheko. Hakuwa mtu wa kuficha jambo. Akifurahi ulijua, akikasirika ulijua, akiumwa ulijua. Shika hilo, kwa maana ndilo walilomnyang'anya.

Maumivu yalianza wakati wa mvua ndefu. Alisema mgongo unamuuma, katikati, mahali pamoja kama pamechomwa sindano ya kushonea magunia. Tukadhani ni kazi. Nani abebaye magogo asiumwe mgongo? Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Hayakusaidia. Akaanza kukonda, mkanda wa suruali ukatobolewa tundu jingine. Ndipo ikafika asubuhi ile ya kamba za viatu, nikamwambia, "Leo huendi kazini. Leo tunakwenda hospitali."

Hospitali yenyewe siitaji jina. Waliohusika wana watoto na wajukuu, na tena, ingeweza kuwa hospitali yoyote. Mama yako nilimbeba mgongoni. Tulipanga foleni tangu umande haujakauka, tukaketi kwenye benchi la mbao, na nitakuambia kitu ambacho kizazi chako hakiwezi kukielewa: tulikuwa na furaha. Katika foleni ile ya watu wanaokohoa, tulikuwa na furaha, kwa kuwa tulikuwa tumesikia daktari ni kijana wetu. Sisi tulikua tukiona kiti kile kimekaliwa na mgeni, ambaye ulimweleza ugonjwa wako kupitia kinywa cha mtu mwingine, na hukujua kilichofika upande wa pili. Sasa alikuwa ameketi pale mtoto wa mama kama mama zetu, mtoto aliyelelewa kwa uji na viazi vitamu kama sisi. Muriithi alininong'oneza, "Huyu hata nikisema nusu, ataelewa nzima."

Tukaingia. Alikuwa kijana mzuri, koti jeupe, nywele zimechanwa kwa mstari. Alikuwa mtu wetu, lakini alituongelesha Kiswahili, kana kwamba lugha ya nyumbani haifai kuingia ndani ya koti lile.

"Una nini?"

"Daktari, ni hii mgongo yangu," Muriithi akaanza, akijigeuza ili amwonyeshe. "Inaniuma hapa katikati, tangu mvua ianze. Mchana inauma, lakini usiku ndiyo mbaya. Natoka jasho mpaka blanketi inalowa. Na miguu nayo, nikitembea ni kama nakanyaga pamba..."

"Unafanya kazi wapi?"

"Kwa kiwanda ya mbao."

Daktari akaweka kalamu chini, akatabasamu. "Aa. Nyinyi watu wa mbao nawajua. Kila wiki mnakuja. Unataka karatasi ya kupumzika."

"Hapana, daktari. Mimi nataka dawa."

"Utapata dawa."

Akampa vidonge vyeupe na chupa ya dawa ya kuchua. Hakumwambia avue shati. Hakumgusa. Jasho la usiku na miguu ya pamba, mwanangu, maneno hayo baadaye niliambiwa kwamba yalitosha kuutambua ugonjwa. Yalikuwa yamesemwa waziwazi, kwa Kiswahili chetu cha bara, na mtu mzima mwenye akili timamu. Yalipita pale mezani yakatoka kwa dirisha.

Sitaki umwone yule kijana kuwa mtu mbaya. Nimeishi miaka mingi, nimepata muda wa kumfikiria. Nje kulikuwa na watu wengi kuliko benchi, na yeye alikuwa peke yake. Na ni kweli walikuwako wanaume waliokwenda pale kudanganya, wakijikunja kama kamba ili wapate siku ya kulala. Alidanganywa na wengi, akaamua kutomwamini yeyote, maana hiyo ilikuwa kazi rahisi zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Mtu anauona mkubwa lakini hauhisi uzito wake.

Vidonge vikaisha. Maumivu yakazidi. Tukarudi.

Safari hii daktari alimkumbuka. Alimwambia nesi kitu kwa Kiingereza, wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kwa masista, nikaelewa. Alisema huyu angefaa kuwa mwigizaji. Muriithi hakuelewa maneno, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Nilimwona akinyamaza katikati ya sentensi. Daktari akamshika mgongo juu juu, shati likiwa mwilini, kama mtu anayepapasa ukuta kuona kama rangi imekauka.

Nikasema, "Daktari, anaumwa kweli. Mimi ndiye nalala naye. Hata kuinama hawezi."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mama, nani hapa ni daktari?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa msichana, mtoto mgongoni, kitambaa kichwani. Ungesema nini?

"Mgongo wako hauna kitu," akamwambia mume wangu. "Ukirudi tena hapa na hadithi hii nitampelekea nyapara wako habari."

Hata hakuhitaji kuzipeleka. Nanyuki ilikuwa mji mdogo, na habari ya mtu aliyefukuzwa na daktari ina miguu yake yenyewe. Kiwandani wakaanza kumwita Bwana Mgongo. Akiinua ubao walimwuliza kama mgongo umeruhusu. Nyapara akampa magogo mazito ili amponye uvivu, alivyosema. Watu wale wale waliokuwa wakimzunguka kusikiliza hadithi zake sasa wakasema, si mnamjua alivyo na maneno, hata ugonjwa wake ni hadithi.

Kisha akaja baba yake kutoka Nyeri, Mzee Wachira, mtu wa koti zito na kofia, mzee wa kanisa aliyeheshimiwa na watu wote. Habari ilikuwa imemfikia, ikamuaibisha. Aliketi kwenye kigoda chetu, akakataa chai. Akamwambia mwanawe, "Mtu aliyesoma mpaka akavikwa koti jeupe amekuangalia, hakuona kitu. Wewe umeona nini ambacho yeye hakuona?"

Muriithi akasema, "Baba, sikuona. Nimesikia. Ni mwili wangu."

"Sikio halipiti kichwa," mzee akajibu. "Mimi katika maisha yangu nimebeba mizigo ambayo wewe hungeweza kuisukuma, na sijawahi kwenda kulia mbele ya vijana. Fanya kazi. Lea mtoto. Usinitie aibu."

Akaondoka bila kuonja chai. Nilisimama mlangoni nikamtazama akishuka kwenye ukungu, nikatamani kumkimbilia nimwambie. Lakini mkaza mwana hamkimbilii baba mkwe wake kumfundisha, si siku zile.

Tangu siku ile Muriithi akaacha kusema. Sijui kama unanielewa vizuri. Hakupona. Aliacha kusema. Alijifunga kiuno kwa kipande cha gunia chini ya shati, akaamka kabla yangu ili nisimwone akijikokota kutoka kitandani. Akirudi kazini alikaa akitazama moto. Nikimwuliza, anajibu, "Ni uchovu tu." Hadithi za nyapara zikaisha. Kwaya akaacha, akisema sauti imechoka. Nyumba ya mabanzi ikawa kimya, na kupitia kuta zile tukawa tunasikia vicheko vya majirani.

Jumapili moja, tukimenya viazi pale nje, alisema kitu ambacho sijawahi kumweleza mtu. Hakuniangalia. Alisema, "Unajua, nikifikiria sana, hata mimi naanza kujiuliza kama nadanganya. Labda hakuna maumivu. Labda ndivyo watu wote wanavyohisi, ila wao ni wanaume."

Nikamwambia, "Mimi nakuamini."

Akasema, "Najua." Akaendelea kumenya kiazi. Lakini kuaminiwa na mkeo peke yako, wakati daktari na baba na wenzako wote wanasema vingine, ni kama kushika mwavuli mmoja katika mvua ya mawe. Unashukuru, lakini unaumia.

Akaenda kazini mpaka siku miguu ilipokata. Haikuwa ajali. Hakuna gogo lililomwangukia. Alikuwa amebeba ubao na mwenzake, akaketi chini taratibu kama mtu aliyeamua kupumzika, na hakuinuka tena. Waliokuwa karibu walicheka kwanza. Nyapara akamwambia asimame. Muriithi akamjibu kwa upole, "Ningesimama, lakini siisikii miguu yangu." Hapo kicheko kikakoma.

Walipomleta nyumbani wakiwa wamemlaza juu ya mbao, wakataka kumpeleka hospitali ile ile, ndiyo iliyokuwa karibu. Akanishika mkono kwa nguvu. "Si kule," akasema. "Afadhali nife hapa."

Alikuwako mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeitwa Hassan, Mwislamu wa pale mjini, aliyekuwa akinunua maziwa kwa jirani zetu. Siku hiyo lori lake lilikuwa linapeleka mbuzi Nyeri. Hakuuliza maswali mengi. Aliwasukuma mbuzi upande mmoja, akatandaza magunia, akamlaza mume wangu, na mimi nikakaa kando yake na mtoto. Njiani alisimamisha lori mara nyingi kuja nyuma kumwona. Nilipomweleza yaliyotupata alitikisa kichwa. "Mnyama hana mdomo," akasema, "na sisi tunahangaika kujua anaumwa wapi. Huyu ana mdomo, amesema, na bado!" Akarudi kwenye usukani.

Katika hospitali ya Nyeri tulimpata daktari mwanamke, mtu mzima mwenye mvi, mwendo wa polepole. Naye alikuwa na foleni. Naye alikuwa amechoka, nilimwona akifumba macho kidogo kabla ya kuingia. Lakini alivuta kiti akaketi, uso wake ukawa usawa wa uso wa mgonjwa, akamwuliza, "Niambie, baba. Ilianza vipi?"

Muriithi akasema, "Sina shida kubwa, daktari. Nimeteleza tu."

Nilishtuka. Mtu aliyekuwa hawezi kusogeza kidole cha mguu! Daktari hakumbishia. Alingoja. Nilikuwa sijawahi kumwona daktari akingoja. Aliendelea kumtazama kwa upole, kana kwamba foleni yote imekwenda nyumbani, lakini mume wangu aligeuza uso wake ukutani.

Ndipo akanigeukia mimi. "Na wewe, mama? Wewe umeona nini?"

Basi nikasema. Nilisema yote, tangu mvua ndefu, jasho, pamba, mkanda wa suruali, gunia kiunoni, mpaka Bwana Mgongo. Nilisema mpaka mama yako akaamka akalia, nikamnyonyesha nikiendelea kusema. Hakunikatiza. Kisha akamvua Muriithi shati yeye mwenyewe, akapitisha vidole mfupa kwa mfupa, taratibu, kutoka shingoni kushuka. Katikati mkono ukasimama. Palikuwa na nundu ndogo. Mimi niliyekuwa nikimkanda kila siku nilikuwa nimeiona, nikadhani ni kukonda.

Alipigwa picha ya mifupa. Daktari akarudi, akaketi tena pale pale, akatueleza kwa Gikuyu safi kwamba ni kifua kikuu, kile kinachoacha mapafu kikala uti wa mgongo. Dawa ipo, akasema. Atachomwa sindano, atalazwa kwenye plasta, ugonjwa utakufa. Nikauliza habari ya miguu. Akaitazama picha tena.

"Ugonjwa huu huanza kupiga kelele mapema," akasema. "Hamkwenda hospitali?"

"Tulikwenda," nikasema.

"Mlimwambia daktari haya uliyoniambia?"

"Tulimwambia."

Akainamisha kichwa. Kisha akamwekea Muriithi mkono begani, akasema, "Baba, ulisema kweli. Ulisema kweli tangu mwanzo, na sisi hatukusikia. Nisamehe." Hakuwa yeye aliyekosa, lakini alisema *sisi*. Muriithi hakugeuka. Niliona bega lake likitetemeka chini ya mkono ule, na ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akilia.

Miguu haikurudi, mwanangu. Ugonjwa ulikufa kama alivyoahidi, na mtu akabaki, amekaa. Tulikwenda kukaa kwenye shamba la baba yake, huko huko Nyeri. Mzee Wachira alimjengea kijumba karibu na chake, akamtengenezea kiti cha mbao chenye mikono mipana, akamtoa nje kila jua likichomoza. Kofia yake niliiona mkononi zaidi kuliko kichwani alipokuwa mbele ya mwanawe. Siku moja nilikuwa nikipepeta maharagwe, nikamsikia akimwambia, "Mwanangu, ukiumwa uniambie. Hata kidogo. Mimi nitasikia."

Na Muriithi akamjibu kwa heshima zote, "Siumwi, baba."

Mzee akafa na jibu hilo. Alimwuliza mara nyingi, kwa njia nyingi, na hakupata jingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Miaka ikapita. Nilikuwa nimekwenda kwetu Kerugoya kumwuguza mama yangu, nikaingia hospitalini, na nani nikamwona akishuka ngazi? Yule daktari kijana wa kwanza. Mvi zimeanza kumtoka, amenenepa kidogo. Nilimsimamisha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale kwa miaka, nikilima, nikichota maji. Nikamwambia mimi ni nani na mume wangu alikuwa nani.

Hakumkumbuka.

Hakukana, hakukasirika. Alijaribu kwa kweli, akakunja uso, akaniuliza, "Alikuwa anaitwa nani, mama?" Nikamwambia tena. Akatikisa kichwa. "Siku zile nilikuwa naona watu wengi," akasema, akaangalia viganja vyake. "Bado yuko?" Nikasema yuko. Akasema atakuja kumwona. Hakuja. Nilikwenda nyumbani nikijua kwamba siku iliyovunja maisha yetu ilikuwa kwake asubuhi kama asubuhi nyingine, kati ya mgonjwa aliyetangulia na aliyefuata.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye uzito. Babu yako hakuuawa na uti wa mgongo. Watu wasioweza kutembea hupata magonjwa mengine, ya figo, ya vidonda vya kukaa, wewe utayasoma vizuri kuliko mimi. Yalimpata. Yalikuwa na dalili. Alizijua zote, maana daktari mwanamke alimfundisha: ukiona hivi, njoo. Aliziona, akanyamaza. Nikimgusa nikahisi moto, anasema ni jua. Akikataa chakula, anasema ameshiba. Nilipotambua, tukambeba mbio, damu ilikuwa imeshaharibika.

Nilimwuliza kitandani pale, kwa hasira, ndiyo, kwa hasira. "Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa amebaki na sauti ndogo. Akasema, "Ningekuambia, ungenileta. Wangeniuliza. Sikutaka kuulizwa tena."

Akafa alfajiri, mama yako akiwa shuleni anajiandaa kwa mtihani.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na kwenye mazishi mzee mmoja alilitamka neno hilo kama lawama. Sikumjibu, lakini nakujibu wewe. Ni kweli alificha. Lakini uliza kwanza ni nani aliyemfundisha kuficha. Hakuzaliwa hivyo. Nilimjua akiwa mtu anayesimulia hata chafya ya nyapara.

Ndiyo maana jana sikuweza kuimba. Utavikwa koti lile, mwanangu. Utaketi kwenye kiti kile. Na watakuja kwako watu wanaosema "hii mgongo" badala ya huu, wanaoanza hadithi mbali, kwenye mvua na ng'ombe, kabla ya kufika kwenye ugonjwa. Waache wafike. Aijuaye adhabu ya kaburi ni maiti. Aijuaye njia ya maumivu ni aliyelala nayo. Wewe utakuwa na vitabu, yeye ana mwili, na vitabu vyote viliandikwa na mtu aliyesikiliza mwili wa mwingine. Utadanganywa, sikufichi. Watakuja wavivu, watakuja walevi wakitafuta karatasi. Kubali kudanganywa. Ukimwamini mwongo, umepoteza vidonge. Usipomwamini mkweli, umempoteza mtu, na huenda hata usimkumbuke.

Mvue shati. Mguse. Akinyamaza, usishukuru kwamba amekurahisishia kazi. Mtu anayenyamaza mbele ya daktari mara nyingi ameshasema mahali pengine na akachekwa. Mgeukie aliyekuja naye, hata akiwa msichana wa kitambaa mwenye mtoto mgongoni. Na usipoona kitu, usimwambie hana kitu. Mwambie, "Mimi sijaona bado." Maneno hayo mawili, *sijaona bado*, yangemrudisha babu yako hospitalini akiwa bado anatembea. Wazee wetu walisema *mũgĩ nĩ mũtaare*, mwerevu ni yule aliyeshauriwa, na mimi nimekushauri kwa kitu kilichonigharimu kuliko vyote.

Sasa sogea, fungua vifungo vya juu vya shati nikutemee mate kifuani kama bibi zetu walivyobariki. Usicheke, ni mate ya aliyekuombea kabla hujazaliwa. Mungu wa mlima huu akupe masikio mapana kuliko kiburi chako. Akupe mikono yenye joto, na subira isiyoisha kabla ya foleni. Mtu akikuambia anaumwa, moyo wako umjibu naam kabla ya kinywa. Na siku ukichoka, maana utachoka, asiwepo mtu atakayetoka mlangoni kwako akiwa ameamua kunyamaza. Nenda kwa amani, mwanangu. Nenda ukasikilize.